Nchi ya Shanta

Majuzi dukani, mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliangusha chupa ya kasaripi. Kasaripi ni maji ya mhogo yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi na mazito kama asali, na watu wa Guyana huyapikia nyama. Chupa ilipasuka na harufu ikapanda: sukari iliyoungua, mdalasini, na uchungu fulani nyuma yake ambao sijui niuite nini. Watu walirudi nyuma wasichafue viatu. Mimi nilibaki palepale na mkate wangu mkononi, na kabla sijakumbuka jina wala sura ya mtu yeyote, nilihisi wivu. Wivu mtupu, wa kitoto.

Nina watoto wakubwa, nina mvi ninazozipaka rangi, na bado naionea wivu nchi ambayo sijaikanyaga.

Walio wa rika langu, waliokulia katika yale majengo marefu ya Scarborough, pembezoni mwa Toronto, watanielewa. Kila mlango ulikuwa na nchi nyuma yake. Ukitoka kwenye lifti, pua ilikuambia unapita kwa Watamil, sasa kwa Wasomali, sasa kwa yule bibi wa Jamaika aliyekuwa akichemsha tangawizi kutwa. Mlango wetu peke yake, kwa akili yangu ya wakati ule, haukuwa na kitu nyuma yake. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama yangu, na mama yangu alinuka sabuni ya kazini.

Alikuwa ametangulia Canada nikiwa bado natambaa, akaniacha kwa nyanya, Wundanyi, kule milima ya Taita. Aliponileta nilikuwa nimeshaota meno mapya ya mbele. Baba sikumjua, alikuwa na nyumba nyingine Mombasa, na jina lake halikutajwa. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee, na Jumamosi ndiyo siku alipohitajika zaidi. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi alinivusha korido mpaka mlango wa pili, kwa mtu niliyemwita Anko Dalip, nikae na binti yake Shanta.

"Wale Waghana ni watu wema," Mama alikuwa akisema.

"Si Ghana. Ni Guyana. Iko Amerika Kusini."

"Ghana, Guyana, wote ni watu wa Mungu. Vaa soksi."

Anko Dalip alikuwa mwembamba, mwenye masharubu yaliyonyooka kama yamechorwa kwa rula. Alifanya kazi usiku katika kiwanda cha milango ya chuma. Mkewe alikuwa amefariki kabla sisi hatujahamia pale. Picha yake ilikuwa juu ya friji, mwanamke mweusi, mnene kidogo, akicheka na mdomo wazi. Anko mwenyewe alikuwa wa asili ya Kihindi. Shanta alikuwa katikati yao: nywele nyingi zilizojikunja na kujinyoosha zilivyotaka zenyewe, na macho ya baba yake.

Jumamosi Anko alirudi kutoka kazini, akanawa, akavaa shati safi, na badala ya kulala alipika chapati, ambazo wao waliziita roti. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni vitunguu.

Kwanza alimwaga unga mezani, akausambaza kwa kiganja mpaka ukawa kama theluji iliyoshuka bila upepo. Halafu, kabla ya kumwaga maji na kukanda, aliichora nchi yake kwa kidole.

"Haya, Shanta. Huku juu ni nini?"

Juu ilikuwa bahari ya Atlantiki. Magharibi Venezuela, kusini Brazili, mashariki Suriname. Nilikuwa nayajua yote Jumamosi ya pili. Alichora mito ikishuka kutoka kusini kwenda baharini: Essequibo, mpana kuliko yote, halafu Demerara, halafu Berbice, halafu Corentyne mpakani. Aliyatamka majina hayo polepole, kila moja kama mtu anayefungua pipi. Alituambia kwamba jina Guyana, kwa lugha za wenyeji wa asili, maana yake ni nchi ya maji mengi. Ndani kabisa, msituni, alidondosha chumvi kidogo: hapo ni Kaieteur, maporomoko yanayoanguka kutoka juu sana hata maji hugeuka moshi kabla hayajafika chini. Kusini zaidi alipapasa unga ukawa laini: hapa ni Rupununi, nyika, ng'ombe, wachungaji juu ya farasi. Na watu wengi, alisema, hawakai kote huko. Wamejibana hapa, kwenye uzi huu mwembamba wa pwani, na pwani yenyewe iko chini ya usawa wa bahari.

Mimi nikaelewa kwamba watu wa Georgetown, mji mkuu, wanaishi ndani ya maji. Kwa majuma kadhaa nililala nikiwaza jinsi mwalimu anavyoandika ubaoni huku samaki wakimpita usoni, na jinsi wanavyoanika nguo. Sikuuliza, kwa kuwa sikutaka Shanta ajue kwamba kuna kitu sikukielewa. Siku nilipojisahau nikauliza wanapumuaje, Anko hakucheka. Alichukua sinia, akajenga ukuta wa donge la unga, akamimina maji upande mmoja. "Huu ni ukuta wa bahari," alisema. "Na haya ni malango. Maji yakipwa baharini, tunafungua, maji ya mvua yanatoka. Maji yakijaa, tunafunga. Kuna mtu kazi yake ni hiyo tu. Akisahau, tunalala kwenye matope." Akafungua lango kwa kidole, nami nikaona maji yakipita kwa adabu. Sijawahi kufundishwa kitu vizuri namna ile.

Alitufundisha hata serikali. Rais, waziri mkuu, Bunge la Taifa, mikoa kumi. Alisema Waingereza walikuwa wameitawala, na ndiyo maana wao peke yao katika bara lile huendesha mambo yao kwa Kiingereza. Alisema kuna watu wa namna sita, na akawahesabu kwa vidole vyenye unga: wenyeji wa asili, Waafrika, Wahindi, Wachina, Wareno, na Wazungu wengine. Wahindi wengi hukipigia kura chama hiki, Waafrika wengi kile, na siku za uchaguzi majirani hununiana.

"Mimi na mama yake tulikuwa tunakwenda kupiga kura pamoja," alisema akitazama juu ya friji. "Ananiambia, Dalip, naenda kuifuta kura yako. Namwambia, nami naifuta yako. Tunarudi nyumbani tunakula sufuria moja."

Kisha aliuliza maswali. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza kuwa ugonjwa.

"Shanta, mto mkubwa kuliko yote?"

"Humber," alisema Shanta. Humber ni mto wa hapa Toronto, watu huenda kutembeza mbwa.

"Mji mkuu?"

"Ottawa."

Anko hakugomba. Aliufuta unga kwa kiganja, akaichora nchi upya, akaanza tena juu, kwenye bahari. Nami nilikaa kwenye kiti changu majibu yamenijaa mdomoni, nimebana miguu kama mtu anayetaka kwenda msalani. Mtoto huyu ana baba. Ana baba anayemchorea nchi kila wiki, anaifuta, anamchorea nyingine, naye anaitupa kama ganda la ndizi!

Na haikuishia hapo. Baridi ilipokuwa kali kabisa, sisi wote tumevimba ndani ya makoti, Anko alimnunulia Shanta magauni mepesi ya maua, yasiyo na mikono, na makubwa kwake kidogo. Alimnunulia makobazi. Alimnunulia sanduku jekundu lenye magurudumu. Vilikaa chumbani mwake bila kuvaliwa. Mimi nilikuwa na koti moja, la kijani, la kupewa na mtu wa kanisani, na zipu yake ilikuwa ikiuma kidevu. Niliyatazama magauni yale na nikafikia uamuzi kwamba kuna watoto wanaopendwa mpaka wananunuliwa nguo za majira ambayo hayajafika.

Hakika nilimchukia Shanta, na hapakuwa na mtu niliyempenda kama yeye. Tulishikana mikono kwenda shule, tulikula kutoka kisahani kimoja. Wivu wa mbali ni kitu chepesi, mtu huweza kuishi nao. Ule wa mlango wa pili ndio unaokula.

Kabla ya shule kufungwa, mwalimu wetu alisema kila mtoto achague nchi moja, aisome, na siku fulani alasiri wazazi waje kutusikiliza. Shanta alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nilijua atakachosema, na moyo ukaniuma.

"Norwe," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Zamu yangu ilipofika mdomo ulifunguka wenyewe. "Guyana."

Shanta aligeuka akanitazama. Alingoja mpaka tulipofika kwenye ngazi za jengo letu, maana lifti ilikuwa imeharibika.

"Kwa nini umechukua nchi yangu?"

"Wewe hukuitaka."

"Hata kama. Utakwenda kumwambia Baba, atafurahi, atakufundisha wewe."

"Wewe huwa unajibu ovyo! Anakufundisha mpaka macho yanakuwa mekundu, unamjibu Ottawa. Mimi ningekuwa na baba—"

"Chukua!" alipiga kelele, na ngazi zote zikarudisha sauti. "Chukua na nchi, chukua na magauni, nenda wewe! Shule ikifungwa ananipeleka kwa nyanya yangu. Nikakae huko. Yeye anabaki hapa." Alikuwa akilia, akijipangusa kwa mkono wa sweta. "Anataka nijue kila kitu kwanza ili nisiwe mgeni. Kwa hiyo mimi sijui kitu. Nisipojua, atangoja. Umeelewa, mjinga wewe?"

Nilielewa. Ningependa kusema kwamba wivu uliniisha palepale kwenye ngazi. Haukuisha. Nilifikiria nyanya anayengoja mlangoni, jua, mito inayoshuka kutoka kusini, na nikafikiria nyanya yangu mwenyewe kule Wundanyi ambaye sikuwa nimemwona tangu aliponisindikiza uwanja wa ndege. Nilimwonea Shanta wivu hata kwa kile kilichokuwa kikimliza.

Anko Dalip alifurahi kama Shanta alivyobashiri. Jumamosi zilizobaki alinigeukia mimi mezani. Nilijibu kila swali, naye alipiga meza kwa kiganja na unga ukaruka. "Umesikia, Shanta? Umemsikia mwenzako?" Shanta alikuwa kwenye kochi na kitabu chake cha Norwe, amekigeuza juu chini.

Alasiri ya wazazi ilifika. Madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani, wazazi wamekaa kwenye viti vya watoto magoti yakigusa videvu. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na viatu vyake vyeupe. Anko Dalip alivaa tai. Shanta alisoma habari za Norwe kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa, akaketi, akapigiwa makofi.

Mimi sikushika karatasi. Nilianzia juu, kwenye bahari, kama nilivyofundishwa. Niliwaeleza ukuta na malango, mito yote minne, nyika ya Rupununi, Rais na Bunge, watu wa namna sita. Nilieleza jinsi mume na mke wanavyofutiana kura wakala sufuria moja. Nilipofika hapo nilimtazama Anko Dalip, nikaona machozi yakishuka mpaka kwenye masharubu, naye hayapangusi, ananitazama mimi tu, kana kwamba nimemrudishia mtu aliyekuwa amempoteza. Nimepata furaha nyingi tangu siku ile lakini sijui kama nimewahi kushiba namna ile.

Basi Shanta akasimama.

"Amesahau," alisema kwa sauti kubwa. "Amesahau Mazaruni. Na Cuyuni. Na Potaro, ndio mto wenye Kaieteur." Alikuwa hamtazami mtu mwingine ila baba yake. Akaanza kumwaga: mikoa yote kumi kwa majina, mmoja baada ya mwingine bila kusita, milima, mji mkuu na mitaa yake, jina la kijiji cha nyanya yake, na mfereji unaopita nyuma ya nyumba, na mti uliopandwa siku mama yake alipoolewa. Alisema haraka, uso umevimba, kama mtoto anayemnyang'anya mwenzake kitu chake mbele ya watu. "Najua kila kitu. Nilijua zamani. Na sitaki kwenda, Baba. Sitaki!"

Mwalimu alidhani ndivyo tulivyopanga. Akapiga makofi, wazazi nao wakapiga.

Tulitoka darasani tukasimama kwenye korido, mahali makoti yalipotundikwa. Anko Dalip alisimama na mikono yake imening'inia. Mama yangu, ambaye kwa kawaida angeshika njia kuwahi basi, hakuondoka.

"Baba Shanta," alisema, maana ndivyo alivyomwita, hata kwa Kiingereza chake cha Taita. "Unampeleka mtoto?"

"Nafanya kazi usiku, dada. Msichana hawezi kulala peke yake, na jirani anayelala naye anahama. Mama yangu yupo, nyumba ipo. Ni kwa muda tu, mpaka nipate zamu ya mchana. Nimemfundisha ili akifika asijione mgeni."

"Ni kwa muda tu," Mama alirudia. Alikuwa akikunjakunja mkanda wa mkoba wake. "Hata mimi nilisema hivyo. Huyu nilimwacha kwa mama yangu akitambaa. Mama yangu alimlea vizuri, sina lawama hata kidogo. Siku alipofika hapa, pale uwanja wa ndege, nilikimbia kumpokea. Akanipa mkono. Akanipa mkono, Baba Shanta, kama mtoto anayemsalimia daktari."

Sikuwahi kujua kwamba mkono ule ulikuwa na kosa. Nyanya alikuwa amenifundisha kusalimia watu wazima kwa heshima.

Anko akauliza polepole, "Lakini ilichukua muda gani? Mpaka akazoea kukuita mama?"

Mama alitazama makoti. Ndipo Anko Dalip akachuchumaa mbele yangu, goti lake likalia. "Wakesho. Wewe huwa unajua kila jibu. Ilichukua muda gani?"

Nilimtazama Mama. Nilidhani hajui. Nilidhani nimeficha vizuri: jinsi nilivyokuwa nikingoja ageuke ndipo nizungumze, jinsi nilivyomvuta nguo badala ya kumwita, jinsi ambavyo kwa watu nilimtaja kama "yeye". Neno lenyewe nilikuwa nimelizoea kwa nyanya, na lilipofika wakati wa kumpa mwingine halikutoka.

"Bado," nikasema.

"Najua," alisema Mama kwa Kiswahili, akinitazama mimi peke yangu. "Najua, mwanangu. Hakuna neno."

Anko Dalip aliinuka. Alichukua koti la Shanta, akamvalisha kama mtoto mchanga, mkono huu, mkono huu, akafunga zipu mpaka chini ya kidevu ingawa nje kulikuwa kumeshaanza kuwa na joto. Shanta aliacha avalishwe.

Jumamosi iliyofuata alipika roti bila kuchora kitu. Alipomaliza alituambia, huku ametupa kisogo, kwamba amempigia mama yake simu, na mama yake amelia kidogo, na amesema sawa. Yeye na mama yangu walikuwa wameshapanga: usiku wa zamu Shanta atalala kwetu, Jumamosi mimi kwao, mpaka kiwanda kitakapompa mchana. Shanta aliruka akamkumbatia kwa nyuma, na unga ukawajaa wote wawili.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilitoka bafuni nikawakuta sebuleni. Mama alikuwa kwenye kochi, Shanta sakafuni katikati ya magoti yake, na zile nywele ambazo hakuna mwanamke aliyezishika tangu mamake afariki zilikuwa zimefunguliwa zote. Mama alikuwa akizichana kutokea ncha, taratibu, kidole kikitangulia chanuo, akimwimbia kitu cha Kitaita chini ya pumzi. Shanta alikuwa amefumba macho. Alionekana kama mtu aliyefika.

Wivu ulinipanda kutoka nyayoni. Nilikuwa nimesimama na taulo, maji yakinitiririka, na sikuweza kungoja mtu ageuke.

"Mama!"

Lilitoka kubwa mno, kama ninamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Chanuo lilisimama ndani ya nywele. Mama hakugeuka. Nadhani hakuweza.

"Nakusikia," alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Na mimi," nikasema. "Na mimi nywele zangu."

"Haya, njoo ukae."

Hapakuwa na nafasi mbele ya magoti yale. Nikakaa hivyohivyo, katikati, nikimsukuma Shanta kwa kiwiko mpaka akasogea.